Niliponywa kwa Kula Asubuhi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ninyi mliokosa viti mkakaa nje karibu na madirisha, Bwana apewe sifa! Kina mama wa Zuzu, mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo chetu, nimewaona pale nyuma. Kwa kawaida ushuhuda hapa kwetu huanza na pambio. Leo sianzishi pambio. Nikiimba nitalia, nikilia sitasema, na mimi leo nimekuja kusema.

Wengi mnanijua. Ni Sechelela, Mama Nyemo, mpiga chapa katika ofisi ya serikali pale mjini. Mnanijua pia kwa jambo lingine. Mimi ndiye kiongozi wa kundi la waombaji, yule mama wa kufunga. Mtu akiwa na shida anaambiwa, "Nenda kwa Mama Nyemo, yule hufunga siku tatu kavu," yaani bila chakula wala maji. Kuna mhubiri mgeni alinisimamisha hapahapa akaniita jemadari wa kufunga, mkapiga vigelegele, nami nikainamisha kichwa. Mkasema, tazama alivyo mnyenyekevu. Ndugu zangu, haukuwa unyenyekevu, ilikuwa aibu! Asubuhi ileile nilikuwa nimekula mkate mzima, nimesimama stoo peke yangu, na wakati mnashangilia tumbo lilikuwa linaniuma.

Nasema mbele zenu na mbele za Mungu: aliyefunga kuliko wote hapa kanisani ndiye aliyekula kuliko wote. Chekeni kidogo, nawaruhusu. Halafu mnisikilize.

Nilizaliwa Zuzu, karibu na reli. Mnaoijua Ugogo mnazijua mvua zetu. Zikikubali unavuna uwele, zikikataa unavuna vumbi. Nimekula mahindi ya njano ya msaada. Nimelala na njaa nikaamka nayo. Baadaye nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa hapa mjini miaka ileile ya foleni, sukari kwa kibali na sabuni kwa kujuana. Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Vijana, ninyi hamuwezi kuelewa! Maduka yaliyokuwa na masanduku matupu yakajaa biskuti za kila rangi, mikate, siagi, maziwa ya unga. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kilichonong'ona kwamba kesho vitaondoka tena, kwa hiyo ule leo.

Sikula kupita kiasi siku hizo. Nilianza Baba Nyemo alipopunguzwa kazi. Mnakumbuka jinsi mashirika yalivyowatoa watu, baba wazima wakarudi nyumbani na barua mkononi. Mume wangu si mtu wa kelele. Aliweka kiti mbele ya nyumba, akakaa, akanyamaza. Mshahara wangu ndio ukawa nguzo, na mimi nikitoka kazini nilikuwa naogopa kufika nyumbani na kuukuta ule ukimya. Siku moja nikapitia dukani, nikanunua biskuti za watoto. Nikala moja njiani. Nikala nyingine. Nilipofika getini pakiti zilikuwa tupu, nikazitupa kwenye shimo la taka la jirani.

Sitawaficha jinsi ilivyokuwa, maana yupo mtu hapa anataka kusikia kama ni kitu kilekile. Nilikuwa nakula haraka, nimesimama. Sionji utamu. Ugali wa jana, karanga, mkate, sukari kwa kijiko, chochote. Siwezi kuacha hata nikitaka. Ni mkono wangu lakini siutawali. Mpaka tumbo linauma, ndipo ninaacha, ninakaa chini sakafuni na kujichukia. Kisha ninaosha vyombo, ninapaka mafuta usoni, ninatoka kuwapikia wengine, na mezani ninasema, "Mimi leo nimeshiba, kuleni."

Sasa mtu aliyeokoka anafanya nini akiona dhambi ya mwili? Anafunga! Nani angenishauri kingine? Nilikula Jumapili, nikafunga Jumatatu na Jumanne. Jumatano nikaanguka tena, nikafunga Alhamisi na Ijumaa kwa toba. Watu wakaona, wakasema mama huyu ana mzigo wa maombi. Wakanifuata, tukawa wanne, tukawa kumi na wawili, kundi likazaliwa, nikafanywa kiongozi. Kadiri nilivyoanguka ndivyo nilivyofunga, na kadiri nilivyofunga ndivyo mlivyonisifu. Miaka sita, ndugu zangu!

Niliombewa pia. Kwenye mkutano wa injili kule Kongwa, mahali ambapo hakuna anayenijua, nilipita mbele nikasema nina pepo wa ulafi. Wakaniombea kwa bidii, nikaanguka, nikaamka nimejaa vumbi na furaha. Siku nne nilikuwa malaika. Siku ya tano nilikula sufuria ya wali uliokuwa wa msiba. Siwadharau walioniombea. Waliomba kwa moyo. Ila nilirudi nyumbani nimeshawishika kwamba hata Mungu ameshindwa na mimi, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Kisha akaja Sista Hilda. Wa zamani mnamkumbuka, yule muuguzi wa Bukoba aliyekuwa anaimba sauti ya pili, akaenda Ulaya kusomea ushauri wa wagonjwa. Alikuja likizo, akapita nyumbani kunisalimia. "Shikamoo, Mama Nyemo." "Marahaba, Sista, karibu." Nikamwandalia wali na kuku, nikakaa namtazama anavyokula. Akaweka kijiko chini.

"Dada, na wewe unakula lini?"

Nikasema nimefunga. Akasema, "Sikuulizi leo. Nauliza kwa kawaida. Unakula lini?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeulizwa nimefunga siku ngapi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninakula lini! Nikafungua mdomo nimpe jibu la kidini, yakatoka machozi. Nikamwambia kila kitu, hadi sukari ya kijiko. Hakushtuka. Alisema ni ugonjwa unaojulikana, wanaume kwa wanawake wanao, wembamba kwa wanene, na chuoni kwao wanawatibu watu kwa kuwafundisha kubadili mawazo na mwenendo, hatua kwa hatua. Nikasema Ulaya ni mbali. Akasema, "Wengine tunawatibu kwa barua pepe. Nimewauliza wakubwa wangu, wamenikubalia kumchukua mtu wa nyumbani. Utaandika, nitajibu. Na kwako itakuwa nafuu, maana hutalazimika kunitazama usoni."

Hapo alinikamata. Mimi ni mpiga chapa. Kusema najificha, lakini kuandika naweza kuandika hata hukumu yangu mwenyewe.

Masharti yalikuwa haya: kila ninachoweka mdomoni nikiandike palepale. Saa ngapi, nini, wapi, nilikuwa na nani, na nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa na daftari dogo kwenye mkoba. Saa ya mapumziko ya mchana ofisini nilikuwa nayapiga yote kwenye kompyuta, nayaweka kwenye kidiski cha flopi, na Jumanne na Ijumaa nikitoka kazini napita kwenye intaneti kafe pale mjini kuyatuma. Umeme ukikatika, unarudi nyumbani na flopi yako. Na flopi zenyewe mnazijua, vumbi la Dodoma haziliwezi! Mara mbili ziliharibika nikapiga upya wiki nzima ya aibu yangu, mstari kwa mstari. Nilikuwa mkali nafsini mwangu. Nilisema nimeanza, nitamaliza.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwa wiki tatu niliandika siku zangu za kufunga kwa majivuno. "Jumatatu, nimefunga, namshukuru Mungu. Jumanne, nimefunga, nguvu zipo." Siku za kuanguka niliziandika kwa maneno machache, kama mlokole anayepita mbele ya baa. Nilidhani Sista atanipongeza. Akaniandikia hivi:

"Mama Nyemo, unaandika vizuri kama ripoti ya ofisi. Sasa chora safu mbili. Siku ulizofunga ziweke kushoto. Siku ulizokula bila kujizuia ziweke kulia. Usiniambie unaona nini mpaka umalize."

Nikazipiga ofisini, kushoto na kulia, nikifikiri ni zoezi la kitoto. Nikachapa karatasi, nikaishika. Ndugu zangu, niliona giza! Kila siku ya kulia ilikuwa imekuja mara tu baada ya siku ya kushoto. Zote! Hakuna hata moja iliyokuja baada ya siku niliyokula kama watu. Niliikunja karatasi ile mara nne nikaiweka ndani ya kiatu, maana mkoba wenzangu ofisini huwa wanaufungua kutafuta peni.

Ijumaa nikaenda kafe, na barua yake nyingine ilikuwa inaningoja. "Huna pepo, dada. Una njaa. Unaunyima mwili wako, nao unangoja, halafu unachukua kwa nguvu. Nakuomba usifunge kabisa kwa sasa. Kula saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Katikati, saa nne na saa kumi, kula kitu kidogo. Na hata kama jana yake umekula kupita kiasi, asubuhi inayofuata kula vilevile."

Nilifanya nini? Nilisimama pale kafe, katikati ya watu, nikasema kwa sauti, "Ushindwe kwa jina la Yesu!" Watu wote wakageuka kutoka kwenye kompyuta zao. Baba mmoja mwenye suti, nadhani alikuwa mgeni wa vikao vya Bunge, akaniuliza kwa upole, "Mama, imekwama?" Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilikuwa na hakika shetani amepata njia ya waya. Kuniambia mimi nisifunge! Ningekuwa nani bila kufunga? Kundi langu je? Jina langu je?

Wiki mbili sikuandika.

Tukaingia kwenye mfungo wa siku tatu wa kuwaombea wagonjwa. Mnaukumbuka. Kina mama mlitoa mikate na karanga za kukaanga za kupeleka wodini siku ya mwisho, na kwa kuwa mimi ni mwaminifu, vyote vikawekwa kwangu, kwenye mfuko mkubwa. Siku ya tatu, saa nane mchana, nilikuwa peke yangu nyumbani. Nilienda tu kuangalia kama mikate haijaota ukungu. Nikamega kipande cha pembeni kuonja. Nikajiambia, basi, nimeshavunja, nimeshaharibu, nimalize tu, kesho nitafunga upya.

Nilikula mikate ya wagonjwa, ndugu zangu. Nisameheni. Nilikula na karanga zao.

Saa kumi Mama Damari akaja kuchukua mzigo. Mama Damari yule pale, msaidizi wangu katika kundi, mama mtu mzima ninayemwamkia shikamoo na kumheshimu kama mama yangu mzazi. Akafungua mfuko akakuta umepungua nusu. Akanitazama. Nami, kiongozi wa waombaji, na midomo yangu mikavu ya kufunga, nikasema, "Mama, ni panya."

Aliniamini! Akasikitika, akanipa pole. Kesho yake asubuhi aliniletea paka. Paka wake mwenyewe, dume la kijivu, kwenye kikapu. "Huyu ni hodari, Sechelela. Mwezi mmoja tu hutasikia panya." Yule paka akakaa stoo kwangu hana kazi, maana panya hawakuwepo. Kila nilipoingia stoo kula kwa siri alinitazama. Nawaambia, nimehubiriwa na wachungaji wengi, lakini mahubiri ya paka yule yaliniingia.

Lakini aliyenivunja hakuwa paka. Mama Damari alinisimulia kwamba mikate haikutosha, wakaishia wodi ya kwanza. Wodi ya pili kulikuwa na mama mmoja kutoka Chamwino, hana ndugu mjini, alikuwa amekaa kitandani anangoja wageni wa kanisa wafike. Hawakufika kwake. Niliposikia hivyo nilikwenda chooni nikajifungia. Nilimwambia Mungu, "Siwezi tena. Kama njia yako ni kompyuta, basi nipeleke kwenye kompyuta."

Jumanne nikaandika maneno machache tu. "Sista, nimeanguka. Nimekula mikate ya wagonjwa, nikasingizia panya." Nikangoja aniache. Ijumaa akajibu, na hakunilaani. Aliniuliza niliwaza nini hasa kabla ya kipande cha pili. Nikamwandikia ukweli: niliwaza kwamba nimeshaharibu, basi nimalize. Jumanne nikakuta ameuliza, "Kama mama mmoja wa kundi lako angekuja kwako analia kwamba amemega kipande siku ya kufunga, ungemwambia arudi akamalize mfuko?"

Nilicheka peke yangu mbele ya ile kompyuta. Ningemwambiaje hivyo? Ningemwambia, mwanangu, kipande ni kipande, kaa chini, unywe maji, uendelee. Kwa nini mama wa watu apate rehema hiyo na mimi nisiipate?

Kesho yake nikaamka, nikapika uji wa ulezi, nikachemsha kiazi kitamu, nikaweka mezani. Saa moja asubuhi. Ndugu zangu, nimewahi kufunga siku tatu kavu na haikuwa ngumu kama kikombe kile! Nilijiona mwasi. Nilikula nikilia, nikamaliza, na hakuna radi iliyopiga. Saa nne nikala ndizi ofisini. Saa saba nikala ugali na mlenda na wenzangu, wakashangaa, mmoja akasema leo Mama Nyemo kaonekana! Ikafika saa kumi, saa ile ya hatari, saa ya dukani. Nikapita mbele ya duka. Niliangalia biskuti, nazo zikaniangalia, nikaendelea na safari yangu. Sikuwa na nguvu za ajabu. Nilikuwa sina njaa tu!

Ilibidi Baba Nyemo ajue, kwa sababu Sista alisema nile mezani na watu, nimekaa, kwenye sahani. Nilimweleza tukiwa tumekaa pale mbele ya nyumba, yeye kwenye kile kiti chake na mimi kwenye kigoda. Kisha akasema, "Mimi nilidhani vyakula unapeleka kwenu Zuzu. Nikasema ninyamaze, nisiwavunjie heshima wakwe." Miaka sita mtu huyu alikuwa anawaheshimu wakwe zake kwa mkate waliokuwa hawajauona! Nilimshika mkono. Tangu siku ile yeye ndiye anayepika uji wangu, na anaupika vizuri kuliko mimi.

Msidhani ilikwisha hapo. Mimi sipendi shuhuda zinazoruka. Wiki ya tano tangu nianze kula asubuhi nilianguka mara mbili. Ya sita mara moja. Kila nilipoanguka nilitamani kufunga, kama mlevi anavyotamani gongo, na kila mara nililazimika kula asubuhi. Nilibandika karatasi ukutani jikoni: hamu ikija, ngoja nusu saa. Fagia uwanja. Chambua maharage barazani, watu wakikuona. Nenda kwa jirani. Tena nimwulize Mungu na nijiulize mwenyewe, ni njaa hii au ni huzuni? Kama ni njaa, nile. Kama ni huzuni, nimwambie mtu. Mara nyingi ilikuwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kubeba nyumba miaka yote bila kusema nimechoka.

Barua zikaendelea miezi minne. Kisha Sista akaniambia sasa naweza kutembea peke yangu, nikilegea nimwandikie. Tangu mavuno yaliyopita sijala kwa siri. Najua mnanitazama mwili, mkitafuta kama nimepungua. Nimepungua kidogo, na sikuponywa kwa ajili ya gauni. Nimeponywa uongo!

Nilikwenda kwa Mama Damari kukiri. Nilipiga magoti. Alisikiliza mpaka mwisho, na jambo la kwanza alilosema ni, "Nirudishie paka wangu." La pili akasema, "Yaani umetuongoza kufunga miaka sita ukiwa umeshiba?" Sikujitetea. Wiki tatu hakuitikia shikamoo yangu. Niliumia, lakini niliendelea kumwamkia, na niliendelea kula. Wiki ya nne akaja nyumbani asubuhi, hakusema samahani wala nimekusamehe. Alivuta kigoda akakaa. "Haya, kula nikuone." Nikala. Akasema, "Kumbe hivi tu?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, hivi tu." Akaomba na yeye kikombe.

Nilikwenda kwa Mchungaji pia, nikampelekea ile karatasi ya safu mbili. Akaisoma muda mrefu. Akaniuliza kama ni kompyuta iliyonikataza kufunga. Nikamjibu, ni karatasi hiyo uliyoishika, Baba Mchungaji. Akanikumbusha yule nabii aliyechoka nyikani akatamani kufa, na malaika hakumhubiria wala hakumwongezea maombi, alimletea mkate na maji akamwambia ale. Akasema nilete ushuhuda huu leo, Jumapili ya kufungua wiki ya mfungo, ili usije ukawa umbea mitaani.

Ndugu zangu, sisemi kufunga ni kubaya. Hasha! Anayefunga afunge, na Bwana ampokee. Wengi wenu kesho mtafunga kwa moyo safi na mtabarikiwa. Mimi nilifunga kuficha, na mfungo wa kuficha ulinila mimi mwenyewe. Kwa hiyo leo, mbele yenu, nakabidhi uongozi wa kundi kwa Mama Damari. Kuomba nitaomba nanyi, saa zote. Kufunga chakula sifungi. Nitafunga kusema uongo. Mkisikia mtu ananong'ona kwamba Mama Nyemo amerudi nyuma, mwambieni hapana, amekwenda kula, na anamtii Mungu.

Namshukuru Mungu aliyenijibu kwa njia ambayo mimi niliikemea kwa jina lake. Namshukuru Sista Hilda, aliyeniuliza swali. Nawashukuru ninyi, hata kwa vigelegele vile, maana hamkujua.

Na wewe. Nakusema wewe, mama au baba, uliyekaa hapo umenyooka kama wenzako, huku moyoni unasema huyu amenitaja mimi. Hujalaaniwa. Mungu hajashindwa na wewe. Usijiongezee siku nyingine ya adhabu kesho. Mtafute mtu, umwambie unakula lini na wapi. Kama humpati, njoo kwangu kesho saa moja asubuhi. Sitakutangaza. Uji wa Baba Nyemo upo, na Mungu yupo mezani kama alivyo madhabahuni. Mwamini!

Ndugu zangu, naona saa ya ukutani imefika nne. Kwa ratiba yangu ni saa ya kitu kidogo, na sitaki kuiruka kwa sababu yenu. Nimekuja na ndizi kwenye mkoba, hii hapa. Miaka sita mmeniheshimu kwa kutoniona nikila. Sasa nitazameni nikila. Ni moja, na inanitosha.